Mbuzi Aliyeliwa Kabla ya Jibu

Aikaeli hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Kanisani alikaa karibu na dirisha, mahali ambapo mtu anaona nani kaingia, nani katoka, na uso wa nani umebadilika tangu Jumapili iliyopita. Kwenye vikao vya ukoo alikaa jirani na mlango wa jiko. Alikuwa mama wa makamo, mwenye darasa la saba, ng'ombe mmoja wa maziwa na binti mmoja. Tangu mumewe Godlove afariki, alitembea kwenye kihamba chake kama mgeni aliyekaribishwa. Hakukata mgomba mkubwa bila kuuliza, wala hakusogeza jiwe la mpakani.

Maana kihamba, ile ardhi ya migomba na kahawa waliyoachiwa na mababu, hakikuwa chake. Kilikuwa cha ukoo. Godlove alikirithi kwa baba yake, na Godlove hakuacha mtoto wa kiume. Kaka yake mkubwa, Eliezeri, ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo, na hakuwahi kumtamkia shemeji yake neno baya. Kila Krismasi, watu wakishakusanyika Marangu kutoka mijini, alisema tu, "Kijana wangu Jesse naye atahitaji mahali pa kujenga." Kisha akaitazama migomba ya marehemu ndugu yake, akanywa mbege, ile pombe ya ndizi.

Aikaeli alijua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Kule chini alikuwepo Elisifa, mjane mwenzake. Mtoto wa shemeji yake alimjengea chumba nyuma ya banda la mbuzi, "ili bibi apumzike," halafu yeye akahamia nyumba kubwa. Watu walimwambia Elisifa sheria ipo, aende mahakamani. Elisifa akawajibu, "Na siku nikifa, sheria ndiyo itakuja kunizika?" Tangu aliposikia jibu hilo, Aikaeli hakupita tena mbele ya banda lile bila kuharakisha hatua.

Binti yake, Aikande, alisoma fizikia Dar es Salaam, halafu chuo kimoja cha Ulaya kikamchukua aendelee. Mwaka huo alirudi nyumbani kwa sababu mama yake aliteleza kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia unaoshuka kutoka msituni, akavunjika mkono wa kulia. Aikande akawa anakamua ng'ombe asubuhi, anapika, anafua. Mchana alifungua kompyuta sebuleni na kuendelea na kazi yake huko huko Marangu. Mashine kubwa inayogonganisha viini vya atomu ilikuwa mbali, na sehemu yake ilishaisha. Kilichobaki kilikuwa kuhesabu. Walikuwa kikundi cha watu wachache, kila mmoja na nchi yake, wanazungumza kwa simu.

"Huyo mtoto wako anatafuta nini hasa?" watu walimuuliza Aikaeli kisimani, dukani, kwenye foleni ya maziwa. Alisema, "Mambo ya kisayansi," akainamisha kichwa.

Jibu alilipata jikoni, siku alipokuwa akijaribu kumenya ndizi kwa mkono wa kushoto. Kisu kilimponyoka kikaanguka kwenye majivu.

"Mkono huu mjinga!" akasema.

Aikande akacheka. "Si mjinga mama, haujazoea. Tena hiyo ndiyo kazi yangu yenyewe."

"Kumenya ndizi?"

"Kuuliza kama dunia inajua kulia na kushoto."

Aikaeli alimtazama kuona kama anataniwa. Binti akachukua kisu, akaanza kumenya yeye, huku anaeleza polepole kama anavyoeleza mtu anayependa kitu. Ukisimama mbele ya kioo, alisema, ukanyanyua mkono wa kulia, yule wa kwenye kioo ananyanyua wa kushoto. Sasa, kama dunia nzima ingekuwa ile ya ndani ya kioo, mambo yangekwenda vilevile? Jiwe lingeanguka vilevile, sumaku ingevuta vilevile. Ipo nguvu moja dhaifu ndani ya atomu ambayo inabagua. Hiyo ilishajulikana zamani. Lakini ipo nyingine, kali kuliko zote, inayokishika kiini cha atomu kisisambaratike.

"Hiyo haijawahi kuonekana ikibagua," Aikande alisema. "Watu wameipima wee, haibagui. Na cha ajabu, hesabu hazikuikataza. Ingeweza kabisa kubagua. Hakuna anayejua nini kinaizuia."

"Labda ina adabu zake."

"Labda. Sisi tunataka kujua hizo adabu alizifundisha nani."

Wanachofanya, akaeleza, ni kugonganisha viini vizito kwa kasi kubwa mpaka vinayeyuka na kuwa kama uji, wenye moto ambao hapa duniani haupo. Uji huo unadumu muda ambao hata kope haijashuka. Inawezekana ndani yake, kwa muda huo mdogo, nguvu ile kali inasahau adabu zake sehemu mojamoja, ikapendelea upande. Vile viini vikipishana vinaleta sumaku kali. Kwa hiyo, kama nguvu imependelea, vipande vyenye chaji chanya vitaelekea juu zaidi na vyenye hasi chini zaidi, au kinyume chake. Wao wanahesabu vipande vilivyoruka.

"Na mkiona imependelea?"

"Tutakuwa tumeona kitu ambacho hakijawahi kuonekana."

Hilo Aikaeli alilishika. Mengine yalipita kama maji, lakini hilo lilibaki.

Wiki chache baadaye Aikande alitoka sebuleni mchana akiwa na uso ambao mama yake hakuwa ameuona tangu siku ya matokeo ya kidato cha sita. "Mama, kuna kitu. Sehemu ya kwanza tuliyoiangalia, chanya na hasi zimeachana kuliko tulivyotarajia. Lakini usimwambie mtu. Bado hatujafungua."

"Kufungua nini?"

"Tumetumia viini vya aina mbili. Vina uzito mmoja, ila aina moja ina chaji zaidi, kwa hiyo sumaku yake ni kali zaidi. Kama tunachokiona ni cha kweli, hiyo yenye chaji zaidi itaonyesha zaidi. Sasa hatujui ipi ni ipi. Majina tumeyaficha makusudi mpaka kila mtu amalize hesabu zake."

"Mnajificha wenyewe kwa wenyewe?"

"Mwenye njaa akiona moshi anasema chakula kimeiva, mama. Ndiyo maana."

Aikaeli aliahidi kunyamaza, na alikusudia kunyamaza. Lakini Jumapili iliyofuata ilikuwa ya shukrani ya mavuno. Watu walipanga mstari na mikungu ya ndizi, kuku, maboga, mayai kwenye vikapu, na kila aliyefika mbele alisema Mungu amemtendea nini. Aikaeli alikuwa ameleta mkungu, umebebwa na kijana wa jirani kwa sababu ya mkono wake. Alikusudia kusema "nashukuru kwa uzima" kama kila mwaka. Mbele yake alisimama Hellen, mke wa Eliezeri, akashukuru kwa kuwa mtoto wake Jesse amepata mke na mtoto, "na sasa tunamwomba Bwana ampe pa kujenga." Kanisa likaitikia amina. Eliezeri, kwenye benchi la wazee, akatikisa kichwa kukubali.

Aikaeli akaisikia ile amina inamshukia kwenye paa la nyumba yake. Na tangu utotoni alifundishwa kwamba baraka ikifichwa huharibika kama mbege iliyosahauliwa kwenye mtungi. Alipofika mbele, mdomo ukafunguka.

"Namshukuru Mungu," alisema, "kwa sababu mtoto wangu Aikande ameona kitu ambacho wasomi wa dunia nzima hawajawahi kukiona."

Vigelegele vilivyopigwa vilimtisha hata yeye. Kwenye mnada baada ya ibada, mkungu wake ulinunuliwa ukarudishwa, ukanunuliwa tena ukarudishwa, mpaka Eliezeri mwenyewe akaununua na kuubeba begani, mzee mzima, akicheka.

Aikande alikuwa nyumbani na ng'ombe aliyekuwa anaumwa. Habari zilimfikia kabla ya mama yake, maana wanakwaya wana miguu.

"Mama, umesema nini?"

"Nimeshukuru tu."

"Umeshukuru kwa kitu ambacho hatujakipata!"

"Si ulisema kipo?"

"Nilisema kuna kitu. Mama, kuna kitu na kitu kipo ni mambo mawili."

Kufikia hapo lilishatoka mikononi mwao. Eliezeri alichinja mbuzi. Alitoa beberu wake aliyekuwa akimlisha ndani, akaita ukoo, nyama ikagawiwa kila mwenye haki yake kama inavyotakiwa, kidari akakaa nacho yeye. Aikande alisimama kueleza. "Baba mkubwa, kazi haijaisha. Inawezekana kabisa hakuna kitu."

Eliezeri akawageukia wazee. "Mmesikia? Msomi wa kweli hajisifu." Wazee wakampigia makofi. Kadiri alivyokana ndivyo walivyomsifu unyenyekevu, mwishowe akakaa chini akala ubavu aliopewa. Ndipo Eliezeri akatamka lile ambalo Aikaeli hakuthubutu hata kuliota.

"Huyu ametupa jina. Haijawahi kutokea kwetu binti kupewa kihamba, lakini haijawahi kutokea pia binti kuona kisichoonekana. Sehemu ya Godlove, kuanzia mfongo mpaka barabarani, ni ya Aikande, na mama yake atakaa humo hadi siku zake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutapanda masale."

Masale ndiyo majani ya mpaka. Mchaga akishayapanda na wazee wakashuhudia, hakuna mahakama inayohitajika. Aikaeli aliinamia sahani yake ili watu wasione machozi. Aliporudi nyumbani siku ile aliukata mgomba mkubwa uliokuwa ukizuia mwanga jikoni, na hakumuuliza mtu.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, alikuwa bandani akimwekea ng'ombe majani kwa mkono wa kushoto. Aikande akaja, akaegemea nguzo.

"Tumefungua," alisema. "Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Ile yenye chaji zaidi haikuonyesha zaidi. Tulichokiona mwanzoni kilikuwa mambo ya kawaida tu. Vipande vinazaliwa viwili viwili, chanya na hasi, kisha mkondo wa ule uji unavisomba pamoja. Ukivihesabu vinafanana na vilivyobaguliwa. Ni kama majani kwenye mfongo, mama. Yakirundikana upande mmoja, unaweza kudhani kuna mtu ameyapanga, kumbe ni maji tu."

Aikaeli alibaki ameshika fungu la majani. Ng'ombe alivuta, akavuta tena.

"Kwa hiyo hakipo."

"Hatukukiona. Hiyo si sawa na kusema hakipo. Wengine watapima kwa njia nyingine, na sisi tutapima tena."

"Basi si useme hivyo? Sema bado mnapima."

"Nitasema tulipima tukakosa, maana ndivyo ilivyo. Kesho nitakwenda kwa baba mkubwa."

"Usiende." Neno lilimtoka kwa sauti ambayo hakuikusudia. "Aikande. Jumamosi ipite kwanza."

"Mama, unaniomba nini hasa?"

"Unyamaze. Sikuombi useme uongo. Nyamaza tu, waweke masale yao, halafu useme unavyotaka."

"Wanayaweka kwa sababu ya kitu ambacho hakipo."

"Umesema hujui kama hakipo!"

Aikande alimtazama, na Aikaeli akaona aibu, maana aliyachukua maneno ya mtoto kutoka mdomoni mwake akayageuza rungu. Lakini hakurudi nyuma. Alimwambia habari za Elisifa na banda la mbuzi. Alimwambia kwamba yeye, Aikande, ana Ulaya ya kurudia, ila mama yake hana pa kwenda. Kwa kaka zake huko Rombo alishatoka, na mwanamke aliyeolewa harudi na mabegi yake uzeeni. Alisema mengi. Mwishowe hakuwa anasema tena, analia tu, huku ng'ombe anatafuna.

"Sawa," Aikande alisema. "Nitanyamaza."

Aikaeli alipata alichokitaka, na tangu saa hiyo hakukipenda. Binti alikuwa na kawaida ya kumwimbia ng'ombe wakati wa kukamua, akaacha. Alikuwa akiongea na wenzake wa kazi huku mlango wa sebule uko wazi; akaanza kuufunga. Alijibu kila alichoulizwa, kwa heshima, kama anavyojibu mtu aliyefikia nyumba ya watu. Aikaeli akamchungulia dirishani akamwona ameketi mbele ya kompyuta haigusi.

Hellen alipita kurudisha ungo. "Mama wa mgunduzi! Siku hizi hata salamu zako zinapanda bei?"

"Ingia mama Jesse, kuna chai."

"Nitaingia Jumamosi, nikiwa mgeni wako rasmi," Hellen alisema. Alicheka, lakini macho yake yalikwenda kwenye kisiki cha mgomba uliokatwa, yakakaa hapo.

Jesse mwenyewe alikuja siku moja kabla, ametoka Holili na gari la mizigo. Alikuwa akiishi Majengo, mjini Moshi, chumba kimoja cha kupanga na mkewe na mtoto mchanga. Alileta sukari, akaketi kwenye ngazi.

"Shikamoo mama mdogo. Dada, mambo? Wewe umeniua bila risasi. Wengine tunanyang'anywa viwanja na mabenki, mimi nimenyang'anywa na atomu!"

Akacheka sana. Aikande hakucheka. "Mtoto hajambo?" aliuliza.

"Anakohoa. Kile chumba kina unyevu. Lakini poa, tutahama siku moja." Akamimina maji ya chupa mdomoni. "Mimi sina kinyongo, dada. Umefanya kazi, umepata. Ningekuwa nimegundua hata mswaki, ningedai kiwanja."

Alipoondoka, Aikande aliinuka akaingia ndani. Aikaeli alibaki kwenye ngazi. Alikuwa amemhesabia Jesse makosa mengi miaka yote hiyo, na sasa, kwa mara ya kwanza, alitafuta hata moja, hakulipata.

Jumamosi wazee walikuja mapema. Wakakaa kwenye mabenchi chini ya migomba, karibu na kaburi la Godlove, kwa sababu mambo ya kihamba husemwa marehemu wakisikia. Mbege ilikuwa kwenye ndoo kubwa, na kata ikazunguka. Mashimo yalishatobolewa kwa kijiti, na masale yenyewe yalilala kwenye gunia lenye maji, mabichi, yameng'olewa na udongo wake. Eliezeri alivaa koti lake la kanisani. Alieleza kama alivyoeleza siku ya mbuzi, ila kwa urefu zaidi, maana sasa alishayazoea maneno hayo. Alipofika kwenye kile kilichoonwa alikieleza kama vile alikuwepo.

"Sasa," akasema, "kabla jani halijaingia ardhini, mwenye shukrani hutaja anashukuru nini, mbele ya huyu aliyelala hapa. Aliyeanza kulisema neno hili ni shemeji. Shemeji, lirudie."

Aikaeli alidhani atakayeulizwa ni Aikande. Alikuwa amejipanga kwa Aikande kunyamaza. Hakujipanga kwa yeye mwenyewe kusema. Alisimama. Mkono wake, uliotolewa plasta majuzi, ulikuwa mwembamba na mweupe kama si wa mwili wake. Akatazama kaburi. Akamtazama binti yake.

Aikande alikuwa ameinamisha kichwa. Aikaeli aliujua ule mwinamo. Alikuwa na mwinamo huo mwenyewe kwenye vikao vyote vya ukoo, tangu amezikwa Godlove, na alijua unavyoanza: unanyamaza mara moja kwa sababu ya paa, kisha unanyamaza tena, mwishowe shingo inazoea. Hakuwahi kuuona kwa mtoto wake. Yeye ndiye aliyempa.

"Hakuna alichokiona," alisema.

Kata ilisimama mkononi mwa mzee Eliufoo.

"Nini?" Eliezeri aliuliza.

"Walitafuta vizuri. Hawakukiona. Yeye aliniambia nisiseme, mimi nikasema kanisani. Akawaambia ninyi siku ya mbuzi, mkamwita mnyenyekevu. Wiki hii wamemaliza kuhesabu, hakipo. Nikamwomba anyamaze mpaka mpande."

Maji ya mfongo yakasikika. Kisha Hellen, kutoka upande wa wanawake: "Kwa hiyo yule beberu tulimla wa nini?"

Mmoja akaangua kicheko, akakizuia. Mzee Eliufoo akasema taratibu, "Wa kushiba, mama Jesse. Hakuna atakayemtapika," akaendelea na kata yake.

Eliezeri hakucheka. Alivua kofia, akaitazama ndani. "Kwa nini hukuninong'oneza, shemeji? Mpaka niite watu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuondolewa kwenye nyumba."

Kila mtu pale alikuwa akilijua jambo hilo miaka yote, na hakuna aliyewahi kulisikia likitamkwa. Wengine wakatazama chini, na Jesse mmojawapo.

"Nani amesema atakuondoa?"

"Hakuna aliyesema, baba Jesse. Ndiyo maana nimeogopa muda mrefu hivi."

Aikande akasimama. Hakuwa ameinama tena. "Baba mkubwa, samahani, nina swali moja. Mama amekaa hapa tangu kabla sijazaliwa. Amemuuguza ndugu yako, ameitunza migomba hii. Ningekuwa mtoto wa kiume, hata mlevi, mngeuliza nimegundua nini?"

Wanawake wakaguna. Mzee mmoja akasema, "Huyu sasa amevuka," lakini hakusema kwa nguvu. Eliezeri alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na swali lilimfikia. Aikaeli aliliona linamwingia, akaona pia linapokwama.

"Mila sikuitunga mimi," alisema mwishowe. "Nilitafuta sababu ya kuipindisha, nikadhani nimeipata. Watu hawa walikubali kwa sababu hiyo. Sasa haipo, nikipanda leo, kesho kila mtu atanipandia la kwake." Akamgeukia Aikaeli. "Nyumba utakaa, hakuna atakayekugusa nikiwa hai. Lakini chini ya mfongo Jesse atajenga. Ana mtoto anayekohoa."

Nikiwa hai. Aikaeli aliyasikia maneno hayo mawili, akayaweka ndani pamoja na mengine. Eliezeri alikuwa mzee kuliko Godlove kwa miaka mingi.

Gunia la masale likabebwa kurudi likiwa limejaa. Mbege ilinywewa yote, maana mbege hairudishwi.

Aikande aliondoka mwezi uliofuata. Wenzake walimtaka kwa kipimo kingine, chembe nyingine, mashine nyingine. Swali lilikuwa lilelile, kama ile nguvu kali inapendelea upande au haipendelei, na kama haipendelei, nini kinaizuia. Asubuhi ya kuondoka alimkamua ng'ombe huku anaimba. Alimwomba mama yake waende kwa mwanasheria mjini kabla ya safari.

"Nenda ukahesabu," Aikaeli alimjibu. "Nikiamua, nitakwambia."

"Utaamua lini?"

"Sijui. Usinifungulie kabla sijamaliza."

Aikande akacheka, akamkumbatia, gari likashuka.

Siku hiyohiyo alasiri Jesse alikuja na kamba na vigingi. Alisalimia kwa heshima zote, akavua viatu ili asikanyage maharage. Aikaeli alisimama ukingoni mwa mfongo na kikapu cha majani ya ng'ombe, akamwangalia anavyopima. Kamba ilipita pale Aikaeli alipoukata ule mgomba mkubwa. Ilikuja karibu na dirisha la jiko kuliko alivyofikiri.

"Mlango wako utatazama wapi, baba?" alimuuliza.

Jesse alinyooka, akafuta jasho. "Huku kwako, mama mdogo. Baba kasema hivyo, ili nikuangalie."

"Ungeugeuza ukatazama barabarani."

Alifikiri. Alitazama barabara, akatazama upande wa nyumba ya baba yake, iliyoonekana kidogo kati ya migomba. Alikuwa kijana mzuri, hilo halikuwa na ubishi.

"Baba ameshasema," akajibu.

Aikaeli akaitikia kwa kichwa. Akashusha kikapu, akainama kumshikia ncha ya kamba, maana alikuwa peke yake na kamba ilikuwa inalegea.